Sitapanda Mizani

4 Oktoba

Kijiti mwanangu,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua utaanza na shikamoo ndefu ili nisahau kwamba hujaniandikia tangu mvua za mwanzo. Mama yako hajambo? Mwambie wifi yake anamsalimu, na kwamba goti halitibiwi kwa kulikalia. Sisi huku wazima. Mashine inasaga, masikio yangu yanazidi kuziba kwa kelele zake, na juzi baba yako mdogo aliniletea tena ile simu yake eti niongee na mtu. Nilisikia mngurumo tu, utadhani mashine imehamia humo ndani. Nikamrudishia. Mwenye neno na mimi aliandike. Dereva wa lori la unga yupo, analeta na kupeleka, na hajawahi kudai hata kikombe cha chai.

Sasa nikuambie lililonikalisha chini. Sikukuu za mwisho wa mwaka zinakuja na ukoo wote unakusanyika kwangu kama kawaida. Baba yako mdogo ameshaipaka mafuta mizani ya stoo. Siku ya kufika kila mtu atapanda, siku ya kuondoka atapanda tena, na atakayekuwa ameongezeka kuwapita wenzake atapigiwa vigelegele na kubebeshwa mfuko wa unga, kama alivyotuachia babu yako. Mwaka jana mshindi ulikuwa wewe! Mpaka leo nawaringia watu: aliingia kijiti, akatoka gogo. Wote wanauliza kama unakuja kutetea ushindi wako. Nimewaambia unakuja, tena umekaza mkanda tayari kuulegeza.

Halafu hukuniambia hata siku moja ule unga uliufanyia nini. Wala Januari yako ilikuwaje.

Shangazi yako

19 Oktoba

Shangazi, shikamoo.

Mama hajambo. Goti analikalia vilevile, na anasema wifi yake aangalie masikio yake kwanza. Kazini tumekuwa na moto wa godoro, moto wa jikoni, na paka mmoja juu ya nguzo ambaye hakutaka kushuka hata tulipomfikia. Mimi mzima.

Unga niliugawa kituoni. Hiyo Januari sikukuambia kwa sababu nilijua utasikitika, lakini umeuliza. Kila Januari sisi wa zimamoto tunapanda mnara wa mazoezi tukiwa na mpira wa maji begani, ule mrefu wa kuunganishia bombani, umekunjwa. Nilitoka kwako na vigelegele vyangu, nikaenda kwenye mnara, na orofa ya tatu nikakaa. Sikuanguka, nilikaa, Shangazi, kwenye ngazi, nahema kama mbwa aliyefukuza gari, na wenzangu wananiruka kupita. Kamanda alinipa mwaka mmoja. Januari ijayo nikikaa tena, natolewa kwenye kikosi cha ngazi na kuwekwa kwenye meza ya simu, niwe napokea habari za moto wanaokwenda kuuzima wengine. Kazi hii nimeililia tangu nikiwa shuleni, wewe unajua. Siitoi kwa ajili ya nyama ya kukaanga.

Kwa hiyo nakuja, na nakuja kwa furaha. Ila nitajipakulia mwenyewe, sahani moja, nusu yake mboga. Soda nitawaachia wanaozitaka, mimi maji yananitosha. Asubuhi nitakimbia mpaka daraja na kurudi. Keki nitaionja, kipande kimoja, kwa sababu mimi si jiwe. Na mizani sitapanda, si ya kufika wala ya kuondoka.

Naandika mapema ili usije ukashtukia mbele ya watu.

Kijiti

8 Novemba

Kijiti,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, nikaisoma tena nikiwa nimesimama, haikubadilika.

Salamu kwanza. Baba yako mdogo amepata mjukuu, mtoto mnene, tumemshukuru Mungu. Paa la stoo limezibwa. Naandika nimeuweka mguu juu ya kiti, kwa sababu nilijigonga kidole kwenye chuma cha mashine, sasa ni muda, na chenyewe kinajifanya hakijui kupona. Joto nalo limezidi. Nakunywa maji mpaka nasikia tumbo linacheza, na bado koo kavu. Uzee huo, usianze.

Kwa hiyo ni chakula changu kilichokukalisha orofa ya tatu. Kumbe wali wangu una mikono, ulikushika miguu! Sikiliza. Babu yako alitoka kwenye njaa iliyomla mama yake na wadogo zake wote. Alipopata mashine yake ya kwanza alisema hakuna damu yake itakayotoka nyumbani kwake ikiwa nyepesi kuliko ilivyoingia. Ndiyo maana akatupima. Mimi na marehemu baba yako tulikuwa tunalia kwa furaha tukisikia tumeongezeka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wewe umezaliwa kwenye shibe kwa sababu sisi tulipima.

Mwili haujengwi kwa matofali. Huo mnara wako utaupanda kwa mboga? Sungura anakula mboga, lakini sijamwona sungura akibeba kitu begani.

Na kukimbia asubuhi! Majirani wataniuliza nani anakufukuza, nami nitawajibu ni chakula cha shangazi yake.

Utapanda mizani.

Shangazi yako

15 Novemba

Shangazi, shikamoo.

Dereva anageuza hapohapo, kwa hiyo naandika na mabuti miguuni na Mama atakusalimu wakati mwingine. Hongera kwa mjukuu. Mnene au mwembamba, awe na afya.

Ya mizani nitayarudia. Kwanza mguu. Jeraha lisilopona, koo kavu, maji mengi: haya tulifundishwa kwenye huduma ya kwanza, na mwalimu hakuyaita uzee. Nisamehe nikikuuliza kama daktari wakati mimi ni mtoto kwako. Unaamka kwenda haja ndogo mara ngapi? Kidole kinauma au hakiumi kabisa? Maana kisipouma ndiyo vibaya zaidi. Magauni yako yanakulegea? Umepimwa sukari?

Nimejaribu kukumbuka lini nilikuona ukipanda mizani. Sikumbuki. Tangu niwe na akili wewe ndiye unasoma na kutangaza, na wengine ndio tunapanda.

Nijibu kuhusu mguu. Kuhusu mizani jibu langu ni lilelile, sipandi.

Kijiti

6 Desemba

Kijiti,

Nimechelewa kujibu kwa sababu mkanda wa mashine ulikatika.

Uliniuliza kuhusu sukari. Sukari iko kabatini, kopo la juu. Mguu wangu uache ulipo. Wewe ni mzimamoto, hapa hapaungui kitu.

Mizani siipandi kwa sababu mimi ndiye msomaji. Msomaji akipanda, nani atasoma?

Nyumba hii haijawahi kuwa na mtu aliyekataa kupanda, tangu babu yako mpaka leo. Njoo, ule vizuri, upande kama kila mtu, usitie watu maneno mdomoni. Mama yako nimemwekea keki, utamchukulia.

Shangazi yako

14 Desemba

Shangazi, shikamoo.

Basi nitakuwa wa kwanza.

Mama anashukuru kwa keki ambayo hajaiona. Amekataa kusafiri kwa sababu ya goti, ila anatembea nami jioni mpaka kona na kurudi, ananung'unika njia nzima, na kila siku kona inasogea mbele kidogo bila yeye kujua. Mimi nabeba ndoo za mchanga ngazi za kituo, juu na chini. Mpishi wetu wa zamu alinifundisha jambo moja tu: usiende kwenye karamu na njaa ya kujiwekea. Kula asubuhi kama siku nyingine, utaikuta karamu ukiwa na akili zako. Mwaka jana nilikuja kwako sijatia kitu mdomoni tangu jana yake, makusudi, ili nishinde. Nakumbuka binamu zangu walikuwa wamefanya vilevile. Tulikaa mezani kama nzige.

Kuhusu mguu hukunijibu. Nimeona hukunijibu.

Nakuja na lori la Alhamisi. Nakupenda na sipandi.

Kijiti

5 Januari

Kijiti,

Nakusalimu kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu nimekusamehe. Mwambie mama yako keki ale kipande kwa siku, asijifungie nayo chumbani, namjua. Mjukuu wa baba yako mdogo ameanza kucheka.

Sasa sikiliza, maana uliondoka kabla ya mambo.

Siku zote ulizokaa nilikuwa nakutazama. Sahani moja, mboga nusu, unakula polepole, unasifia kila kitu, na kila aliyekujia na bakuli ulimwekea kiganja juu ya sahani: asante, nimetosheka. Baba yako mdogo alikuita mgonjwa. Binamu zako wakakuita mwanamitindo. Wewe unacheka tu. Watu wakishalala na matumbo yao, wewe unazunguka uwanja na watoto nyuma yako kama bata. Mimi sikukusema na sikukutetea. Nilinyamaza, na mimi kunyamaza si kazi yangu.

Asubuhi ya kuondoka watu wamejipanga stoo, mizani inang'aa, nawe ukaja na viatu vyako vya kukimbilia na begi mgongoni. Ukasema mbele ya wote, "Shangazi, nimeshiba na nimefurahi. Kwaheri." Ukapita kando ya mizani mara ya pili, kama unapita duka lililofungwa, ukaenda zako barabarani.

Ndipo baba yako mdogo akachachamaa. "Aibu gani hii! Mtoto wa juzi tu anaipita mizani ya Baba! Dada, hebu panda wewe. Mwenye nyumba akipanda, yameisha."

Nikamwambia mimi ndiye msomaji.

"Leo nasoma mimi. Kwani una nini, Dada?"

Watu wakaanza kupiga makofi, panda, panda. Nilitafuta uongo mwingine, sikuupata. Nikavua kiatu kimoja. Kile cha pili nilikiacha, sikutaka waone kilichomo. Nikapanda.

Akasoma. Akaigonga mizani kwa ngumi, akasoma tena. Halafu akanitazama na kuniuliza kwa sauti ndogo, ambayo kwa masikio yangu haya sikuisikia, niliisoma mdomoni: "Dada, umekwenda wapi?"

Kijiti, chini ya gauni nilikuwa nimevaa gauni la pili, nionekane niko vilevile.

Basi nikawaambia. Daktari aliniambia ni kisukari tangu Agosti. Dawa nameza nikikumbuka. Nimekuwa nikipika vitu nilivyokatazwa, na mezani navila, kwa sababu nitakataaje chakula changu mwenyewe mbele ya wageni? Na huku nakula, mwili unanikimbia.

Unajua walifanya nini? Walinionea huruma, na huruma yao ikaja na sahani. "Kula, Dada, urudishe mwili." "Kidogo tu hakidhuru, ni sikukuu." Baba yako mdogo alinikatia kipande cha keki cha kuziba tundu la ukuta. Nikaweka kiganja juu ya sahani, nikasema nimetosheka. Wakacheka, wakapakua. Nikasema tena. Wakanuna! Mke wake akauliza kama nadhani keki yake ina sumu. Miaka yote hii mimi nilikuwa upande wa wanaopakua, sikujua kwamba upande wa pili kuna vita. Nililia mbele yao, kwa hasira, si kwa huzuni. Nikakumbuka ulivyokaa pale peke yako siku zote zile ukicheka, na mimi shangazi yako nipo, nina mdomo, sikuutumia. Naona aibu hiyo kuliko ya mizani.

Usidhani nimeitoa mizani. Iko palepale, inapima magunia. Ya watu sijaamua.

Daktari anataka kukiona kidole. Siendi. Watakata kidole, kisha mguu, nawajua hao.

Panda mnara wako. Na ukikwama usije ukasema ni chakula changu, maana mwaka huu hukukila.

Shangazi yako

19 Januari

Shangazi, shikamoo.

Mama hajambo. Keki aliimaliza siku mbili, chumbani, mlango umefungwa. Kesho yake alitembea mpaka sokoni na kurudi bila kuambiwa, kwa hiyo nimemwachia.

Jana nilipanda.

Orofa ya kwanza sikuihisi. Ya pili niliihisi. Ya tatu miguu ikaanza kutetemeka mahali palepale, ngazi ileile, nami nikaona kabisa jinsi ilivyo pazuri kukaa. Kamanda akapiga kelele kutoka chini, "Unakaa?" Nikampigia kelele kutoka juu, "Sikai!" Hakuna anayempigia kelele kamanda. Nadhani niliendelea kupanda kwa kumwogopa. Nilifika juu nikatapika maji yote niliyokunywa, nikacheka, nikalia, nikashuka. Yeye hakunisifu, huwa hasifu mtu. Aliliandika jina langu kwenye kikosi cha ngazi akaenda kunywa chai.

Nimefurahi, Shangazi, nimefurahi mpaka wenzangu wamenichoka. Lakini barua yako natembea nayo mfukoni na nina hasira na wewe. Nilikuuliza mapema kabisa. Ukanijibu sukari iko kabatini. Nilicheka pale, nakiri, halafu nikaja nyumbani kwako nikakuona ukichechemea na sahani za watu mikononi, nami nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nashughulika na kiburi cha mizani. Tulinyamaza wote wawili, mezani pamoja, kila mtu na ukaidi wake.

Sasa sinyamazi. Sikio la kufa halisikii dawa. Ni methali mbaya kumwambia mtu aliyekulea, lakini ni wewe uliyenifundisha. Wanaokatwa mguu ni wale wanaomkimbia daktari mpaka kidole kioze. Nimeshakiona kidole cha namna hiyo kwenye mtu tuliyemtoa ndani ya nyumba, na sitaki kukiona kwako.

Nimepewa mapumziko. Jumamosi nakuja na lori. Siji kula, nakuja kukuchukua, tunakwenda hospitali na kidole chako na dawa zako zote ndani ya mfuko. Ukikataa, ujue nimefundishwa kumbeba mtu mzima begani na kushuka naye ngazi. Na wewe mwenyewe umesema umepungua.

Kijiti

21 Januari

Kijiti mwanangu,

Dereva ameshawasha lori, kwa hiyo salamu za leo ni fupi: sote wazima isipokuwa mimi.

Vigelegele vya mnara nimekupigia hapa stoo peke yangu. Wateja wakaja mbio wakidhani mashine imenishika. Hiyo ya kumpigia kelele kamanda nimeipenda kuliko hata kupanda kwenyewe.

Jumamosi nitapika. Usinikataze kupika nyumbani kwangu. Nitapika maharage na mboga bila mafuta. Nilijaribu jana, ladha yake kama kuramba ukuta. Tutakula wote, sahani moja moja, na hakuna atakayeongezewa.

Ya kubebwa yafute kichwani. Baba yako mdogo anasema lori liingie uani nipandie huko, majirani wasinione nikienda na mguu wa hivi. Nimekataa. Lisimame barabarani, mbele ya watu. Nitatoka mlango wa mbele na kutembea mpaka kwenye lori, nikichechemea. Atakayeniuliza ninakwenda wapi nitamjibu kwa sauti hii yangu ya kiziwi: "Hospitali, nina kisukari. Na wewe, umepimwa?"

Shangazi yako